Bondi za grafiti ni imara kuliko za almasi. Sasa kwa nini grafiti ndiyo inayosagika?

#1 Kaa la Moto
Wakuu salaam.

Napitia upya kemia niliyosoma zamani na nimekwama. Tulifundishwa almasi ni ngumu kwa sababu bondi zake, yaani vifungo kati ya atomi na atomi, ni imara, na grafiti, ile nyeusi ya kwenye penseli, ni laini kwa sababu bondi zake ni dhaifu. Tukaandika hivyo kwenye mtihani, tukapewa maksi, tukasahau.

Juzi nimeangalia vipimo. Katika almasi, kutoka atomi moja ya kaboni hadi jirani yake ni nanomita 0.154. Katika grafiti ni 0.142. Na kwa kaboni na kaboni, bondi ikiwa fupi ndivyo inavyokuwa ngumu kuivunja. Kwa hiyo bondi ya grafiti inaishinda ya almasi!

Sasa inakuwaje chenye bondi kali ndicho kinachobaki kwenye kidole ukikigusa? Mwalimu alitudanganya, au mimi ndiye sijaelewa? Wajuzi karibuni.

#2 Mpita Njia 88
Nimeshaweka kiti mbele. Endeleeni.

#3 Bibi Maabara
Mwalimu hakudanganya, alifupisha mpaka ukweli ukadondoka njiani.

Vipimo vyako ni sahihi. Katika grafiti kila atomi ya kaboni imeshikana na wenzake watatu, wote wamelala bapa, wanatengeneza pembesita zilizopangana kama sega la nyuki. Kaboni ina elektroni nne za kufungia. Tatu zimetumika kwa majirani watatu. Ya nne haina mwenyewe, inazunguka tabaka zima. Hiyo ya nne ndiyo inayozivuta bondi zikawa fupi kuliko za almasi, na ndiyo inayofanya grafiti ipitishe umeme wakati almasi haipitishi.

Lakini toka tabaka moja hadi la juu yake ni nanomita 0.335. Hapo hakuna bondi ya kushirikiana elektroni, kuna mvuto hafifu tu. Chukua rimu ya karatasi. Jaribu kuichana yote kwa mkupuo, utatoka jasho. Isukume kwa ubavu, inamwagika yenyewe. Ukikwangua grafiti huchani karatasi, unaimwaga rimu.

#4 Kichwa Kigumu
Mnazunguka bure. Almasi ndiyo kitu imara kuliko vyote, haivunjiki hata kwa nyundo. Kwisha habari.

#5 Fundi Koili
@Kichwa Kigumu habari ya nani imekwisha? Nilikuwa na kikatio cha vioo chenye ncha ya almasi. Kilikata vioo miaka na miaka. Siku nikakigonga kwa nyundo ndogo kukinyoosha mpini, ncha ikatoka kipande. Nyundo haikupata hata alama, aliyepata alama ni mimi moyoni.

#6 Bibi Maabara
Fundi umenisaidia. Ugumu wa kutokukwaruzika ni jambo moja, uimara wa kutopasuka ni jingine. Kukwaruza almasi ni kazi, karibu hakuna kitu cha asili kinachoweza isipokuwa almasi nyingine. Kuipasua ni rahisi ukijua pa kupiga, kwa sababu fuwele yake ina mielekeo minne ambayo bondi za kukatwa ni chache kuliko kwingine. Wachongaji wa almasi wameutumia udhaifu huo kwa karne nyingi.

#7 Kichwa Kigumu
Sawa, nimepasuliwa mimi. Tuendelee.

#8 Hesabu Tamu
Turudi kwa swali la mleta uzi, maana naona mnamjibu nusu. Habari ya matabaka inaeleza kwa nini grafiti inateleza. Haielezi kwa nini almasi ni ngumu kiasi kile wakati bondi zake ni dhaifu kidogo. Tupige hesabu.

Densiti ya almasi ni gramu 3.51 kwa sentimita moja ya ujazo. Gawa kwa 12.011, ambazo ni gramu za moli moja ya kaboni, zidisha kwa namba ya Avogadro, yaani idadi ya atomi ndani ya moli moja, unapata atomi kama 1.76 × 10²³. Kila atomi ina bondi nne, lakini kila bondi inamilikiwa na wawili, kwa hiyo ni bondi mbili kwa kila atomi. Jumla 3.5 × 10²³.

Grafiti densiti yake ni 2.26. Atomi ni kama 1.13 × 10²³, kila moja ina bondi tatu za kugawana, yaani moja na nusu. Jumla 1.7 × 10²³.

Ndani ya ujazo uleule almasi ina bondi mara mbili zaidi. Tena zimeelekea pande zote, hakuna upande utakaosukuma usikutane na bondi. Za grafiti zote zimelala. Anayetaka kulinganisha bondi mojamoja ni sawa na anayepima jeshi kwa misuli ya askari mmoja.

#9 Kaa la Moto
@Hesabu Tamu hapo umenigusa. Kumbe nilikuwa napima askari. Asante, na Bibi pia. Suala la almasi nimelimeza. Naona la grafiti nalo limekwisha.

#10 Fundi Koili
Halijaisha ndugu yangu. Hiyo hadithi ya rimu mnaiamini kupita kiasi.

Mimi nasuka mota. Ndani ya mota nyingi mna kaboni brashi, vipande vya grafiti vinavyosugua shaba inayozunguka ili umeme upite. Hazihitaji grisi, grafiti inajilainisha yenyewe. Lakini mota ikifanya kazi kwenye hewa kavu sana, zilezile brashi zinakwisha haraka, unafungua unakuta vumbi jeusi tupu.

Haya siyaoni mimi peke yangu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege zilipoanza kuruka juu sana, kwenye hewa nyembamba na kavu, brashi za jenereta zake zilikuwa zinasagika kwa muda mfupi mno. Baadaye mtafiti Savage kule Marekani akachapisha majaribio yake mwaka 1948: grafiti ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa hewa, haitelezi, inasagika. Ingiza mvuke wa maji kidogo tu, inateleza tena.

Sasa Bibi nieleze. Kama kinachoteleza ni karatasi za rimu, maji yanatafuta nini hapo? Matabaka si yapo hata kwenye ombwe?

#11 Mpita Njia 88
Nimevuta kiti mbele zaidi.

#12 Bibi Maabara
Fundi, hilo nakiri nilikuwa silijui. Maelezo ya kwanza yanayonijia ni kwamba molekuli za maji zinajipenyeza kati ya matabaka na kuyalegeza.

#13 Daktari wa Mezani
Hapana. Maji hayaingii kati ya matabaka ya grafiti safi kirahisi hivyo. Wanaojipenyeza humo ni watu kama potasiamu.

Tazama ukingoni mwa tabaka. Ndani, kila kaboni ina majirani watatu na ametulia. Ukingoni kuna kaboni iliyokatwa, ina mkono mmoja unaoning'inia bila wa kumshika. Mikono hiyo ikikutana na ukingo wa chembe nyingine inashikana nao, bondi ya kweli kabisa, ndipo msuguano unapopanda na vipande vinang'oka. Mvuke wa maji unakuja kuishika mikono hiyo kabla haijafanya fujo. Kwenye ombwe hakuna wa kuishika.

#14 Kichwa Kigumu
Kwa hiyo grafiti ni sawa na kijana asiye na kazi, mpe cha kushika atulie 😂

#15 Daktari wa Mezani
Leo umeelewa kemia bila kujua.

#16 Tabaka la Pili
Kabla hamjaizika hadithi ya matabaka, kuna ndugu wa grafiti kwa umbo anaitwa molibdeni disalfaidi. Naye ni matabaka juu ya matabaka yenye mvuto hafifu kati yake. Huyu kwenye ombwe anateleza vizuri sana, ndiyo maana anatumika kwenye vyombo vya anga za juu. Na kwenye hewa yenye unyevu ndipo anapoharibika! Kinyume cha grafiti. Kama matabaka hayana maana, huyu anatelezea nini?

#17 Daktari wa Mezani
Sijasema hayana maana. Nimesema hayatoshi.

#18 Hesabu Tamu
Ongezeni na hili. Mwaka 2004 watafiti wa Uholanzi walishika kipande kidogo mno cha grafiti wakakiburuta juu ya grafiti nyingine huku wakikizungusha. Pembesita za juu zikilala sawasawa na za chini, msuguano unapanda. Wakizungusha kidogo zikapishana, msuguano unakaribia kupotea kabisa. Kila nyuzi 60 unapanda tena, kwa sababu pembesita inajirudia kila nyuzi 60. Ni kama matreyi mawili ya mayai: yakilingana yanajifunga, ukiyapinda yanaelea.

Kwa hiyo tuna matabaka, tuna kingo, tuna mpindano. Chagueni.

#19 Fundi Koili
Mpindano hauelezi hewa kavu. Nabaki na kingo.

#20 Tabaka la Pili
Na kingo hazielezi mpindano. Nabaki na matabaka.

#21 Penseli Butu
Wakubwa naomba kuingilia na mambo madogo. Kitasa cha mlango wangu kilikuwa kizito, nikakwangua risasi ya penseli, nikaumwaga unga ndani. Kimelainika mara moja. Mafuta yananasa vumbi, risasi hainasi. Huo ndio mchango wangu.

Swali: kwa nini tunaiita risasi wakati mnasema ni kaboni?

#22 Bibi Maabara
Kwa sababu watu wa zamani waliiona nyeusi, inang'aa, inaacha alama, wakadhani ni aina ya madini ya risasi. Mwaka 1779 mwanakemia Scheele ndiye aliyeonyesha kwamba grafiti ikiunguzwa inatoa hewa ileile inayotoka kwenye mkaa. Miaka kumi baadaye mtaalamu wa madini Werner akaipa jina la grafiti, kutoka neno la Kigiriki la kuandika. Jina la uongo halijafa hadi leo.

#23 Udongo Mfinyanzi
@Penseli Butu pole kwa habari mbaya. Ndani ya penseli yako hamna grafiti tupu. Tangu Conté wa Ufaransa alipobuni njia yake mwaka 1795, grafiti husagwa, ikachanganywa na udongo wa mfinyanzi, ikachomwa. Udongo ukizidi penseli inakuwa ngumu na alama yake hafifu, hizo za herufi H. Grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, za B. Ulitumia ipi?

#24 Penseli Butu
...H.

#25 Kichwa Kigumu
Umekijengea kitasa ukuta wa udongo 😂😂

#26 Mkaa Mweusi
Kuunguza mmenikumbusha. Almasi nayo inaungua. Mwanakemia Lavoisier wa Ufaransa aliweka almasi chini ya lenzi kubwa mwaka 1772, jua likaiteketeza, akathibitisha kwamba almasi ni kaboni.

#27 Mzee wa Mizani
Nusu tu. Lavoisier aliona kwamba almasi bila hewa haipotei, yenye hewa inapotea, na kwamba hewa inayotoka inayafanya maji ya chokaa yawe meupe kama ilivyo kwa mkaa. Lakini alisita kutamka kwamba ni kitu kimoja. Kazi ilimalizwa na Smithson Tennant, Uingereza, 1797. Alichoma almasi na shura, chumvi inayotoa oksijeni, ndani ya mrija wa dhahabu, akapima. Uzito sawa wa almasi na wa mkaa ulitoa kiasi sawa cha kaboni dayoksaidi. Mizani ndiyo iliyoamua, jua lilianzisha mjadala tu.

#28 Mkaa Mweusi
Nimesahihishwa, mzee.

#29 Kaa la Moto
Sasa kama ni kaboni ileile, nimesoma mahali kwamba kwenye hali ya kawaida grafiti ndiyo iliyotulia zaidi na almasi inatakiwa kugeuka grafiti. Walioweka almasi wasiwe na wasiwasi?

#30 Daktari wa Mezani
Walale usingizi. Ni kweli almasi iko juu ya grafiti kwa karibu kilojuli 2.9 kwa moli. Tofauti ndogo sana. Lakini ili ishuke lazima kwanza ivunje bondi ambazo kila moja inadai kama kilojuli 350 kwa moli. Ni jiwe lililokaa kwenye kishimo juu ya mlima: bondeni ndiko kwake, ila nani wa kulitoa kishimoni? Ukiipasha almasi joto la zaidi ya nyuzi 1500 za Selsiasi bila hewa ndipo inaanza kugeuka nyeusi. Yenye hewa haifiki huko, inaungua mapema.

#31 Mwanafunzi Milele
Shikamooni wakubwa. Mimi nimekwama nyuma yenu wote. Kaboni ina elektroni sita. Mbili ndani, nne nje. Kati ya hizo nne, mbili ziko pamoja kwenye obito (chumba cha elektroni) ya 2s, na mbili ziko kila moja peke yake kwenye obito za 2p. Zilizo peke yake ndizo zinazotafuta wenza. Kwa hiyo kaboni ilitakiwa iwe na bondi mbili. Nne zimetoka wapi?

#32 Bibi Maabara
Marahaba. Swali zuri kuliko yetu yote.

Elektroni moja ya 2s inapandishwa 2p. Gharama yake ni kama kilojuli 400 kwa moli. Lakini sasa una nne zilizo peke yake, unapata bondi mbili za ziada, na bondi moja tu ya kaboni na haidrojeni inarudisha kama 413. Umekopa 400, umelipwa zaidi ya 800. Kisha ile ya s na tatu za p zinachanganyika kuwa obito chotara nne zinazofanana, sp³, zinakaa mbali iwezekanavyo, nyuzi 109.5 kati yake. Almasi ni chotara hizo. Grafiti ni sp², tatu zimechanganyika, moja imebaki.

#33 Daktari wa Mezani
Bibi, hapo nakupinga hadharani. Hakuna elektroni inayopanda ngazi kisha ikasubiri mgeni. Uchotara ni hesabu aliyoileta mwanakemia Pauling mwaka 1931, na Slater mwaka huohuo, ili kueleza umbo lililokuwa limeshajulikana. Wanakemia Van 't Hoff na Le Bel walikuwa wamesema tangu 1874 kwamba mikono minne ya kaboni, yaani bondi zake nne, inaelekea kona nne za piramidi yenye nyuso nne za pembetatu, kabla elektroni haijagunduliwa.

Na ushahidi? Methani ina bondi nne zinazofanana. Ukiipiga kwa mwanga mkali kung'oa elektroni zake za nje, kwa uchotara ungetegemea zote zitoke kwa nishati moja. Zinatoka kwa mafungu mawili, kama 14 na kama 23 za elektroni-volti (kipimo cha nishati).

#34 Bibi Maabara
Mafungu mawili nayajua. Ila unachokipima hapo ni kile kilichobaki baada ya elektroni kuondoka, si methani iliyotulia. Obito chotara nne ukizichanganya upya kihesabu unapata mafungu hayohayo mawili, hakuna kilichopotea. Ramani mbili za mji mmoja. Mimi natumia ile inayonifikisha.

#35 Daktari wa Mezani
Basi waambie wanafunzi ni ramani, usiwaambie ni mji.

#36 Mwanafunzi Milele
Nimeuliza swali moja nimepata ugomvi wa wakubwa. Hata hivyo asanteni.

#37 Mpita Njia 88
Wazo la mikono minne si la mwanakemia Kekulé, 1858?

#38 Mzee wa Mizani
La Kekulé na la Couper, mwaka uleule, kila mtu kivyake. Karatasi ya Couper ilicheleweshwa kuwasilishwa, jina likaenda kwa mwenzake. Mtaje naye walau mara moja moja.

#39 Mpira wa Kaboni
Naona mmemsahau mdogo wao. C60, kaboni sitini zilizojikunja kuwa mpira, zenye pembesita 12 na pembetano 20. Kroto, Curl na Smalley, 1985, Nobeli 1996.

#40 Hesabu Tamu
Umegeuza. Pembetano ni 12, pembesita ni 20. Na hiyo 12 haina mjadala: ukiwa na pembetano na pembesita tu, na kila kona ikutane na mistari mitatu, huwezi kufunga mpira bila pembetano 12 kamili. Pembesita peke yake zinabaki bapa, ndiyo hiyo grafiti. Pembetano ndizo zinazoukunja.

#41 Mpira wa Kaboni
Vidole viliteleza. Bila mvuke wa maji.

#42 Kichwa Kigumu
Swali la mwisho kwangu. Silikoni iko chini ya kaboni kwenye jedwali, nayo ina mikono minne. Mbona haina vituko hivi vyote?

#43 Tabaka la Pili
Atomi yake ni kubwa, mikono haifikiani vizuri. Bondi ya kaboni na kaboni ni kama kilojuli 346 kwa moli, ya silikoni na silikoni ni kama 222. Na silikoni ikimwona oksijeni inamsahau ndugu yake, bondi yao ni kama 452. Ndiyo maana kaboni na oksijeni wanatoka gesi unayoipumua nje, silikoni na oksijeni wanatoka mchanga.

#44 Mwanafunzi Milele
Na je, kaboni huwa mikono minne daima? Naogopa kuuliza.

#45 Daktari wa Mezani
Usiogope. Gomberg mwaka 1900 alipata kaboni yenye mitatu, wenzake wakamshangaa. Na 2016 wanakemia wa Ujerumani walipiga picha ya fuwele yenye kaboni iliyokaribiana na kaboni sita: tano zimeizunguka chini kama kitako cha piramidi, moja juu. Elektroni za kuifungia hazijazidi nane, zimegawanywa tu kwa wengi. Kama hiyo ni bondi sita au ni bondi chache zilizotandazwa, Bibi na mimi tutapigana uzi mwingine.

#46 Bibi Maabara
Fungua wewe, nitakuja.

#47 Penseli Butu
Wakuu samahani kuwarudisha nyuma. Kitasa kimekwama tena. Ni siku kavu mno na penseli ilikuwa H. Nimlaumu Udongo Mfinyanzi au Fundi Koili?

#48 Fundi Koili
Kipulizie pumzi ndani ya tundu mara tatu, kisha zungusha ufunguo. Kikifunguka, ni mimi.

#49 Udongo Mfinyanzi
Kisipofunguka, nunua kitasa.

#50 Penseli Butu
Kimefunguka nusu.